Mashine za baba, na arbuni aliyoichukua kaka

Assalam aleikum Mjomba,

Nakuandikia kutoka Lamu, mtaa wa Langoni. Nina miaka 41, nashona na kuuza madira na mabuibui, na chumba ninachofanyia kazi nimekikodi kwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Chini ya nyumba yetu wenyewe kuna karakana ya baba, kubwa mara mbili ya chumba hicho, nayo imelala tu.

Baba alikuwa seremala. Yu hai, alhamdulillahi, ana miaka 78 na msikitini huenda kwa fimbo yake. Ni macho yaliyomwacha. Mara ya mwisho kuwasha mashine ni miaka 9 iliyopita. Ziko nne: randa kubwa ya inchi 12, bendisoo (ule msumeno wa mkanda), mashine ya kukerezea, na msumeno wa meza aliochomelewa na fundi mmoja wa Mombasa. Zote zimeshika kutu. Paka amezalia chini ya randa mara tatu. Nikimwambia baba tuzitoe, jibu lake ni moja: "Ziwate. Hazili, hazinwi."

Kaka yangu anakaa Mombasa. Alitafuta mtu wa skrapu, akamleta nyumbani wakati baba yuko barazani. Yule bwana alizitazama muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, hakushika futi wala mizani, akasema atatoa 18,000 kwa zote nne na kuzihamisha ni juu yake. Kaka akapokea arbuni ya 3,000 kwa simu. Mpango wao ni zitolewe siku ya Ijumaa baba akiwa kwenye sala. Akirudi akute peupe. Kaka asema atanung'unika wiki moja, kisha atazoea.

Roho yangu inakataa, lakini chumba nakitaka. Halafu nikampigia picha binamu yangu aliyeko Uingereza kibati kilichoko kwenye randa, kimeandikwa Wadkin, Leicester. Akanijibu mbio mbio tusiuze, ati huko watu hulipana pauni kwa jina hilo. Sasa sijui nimekalia takataka au dhahabu. Na hata ikiwa dhahabu, randa haitoki: mahali pake pembamba ina futi 2 na inchi 10, na mlango wa karakana, ambao baba aliubadilisha mwenyewe baada ya mashine kuingia, una futi 2 na inchi 5.

Jambo jingine, sijui hata kwa nini nakueleza. Nyuma ya mashine ya kukerezea nimekuta matendegu mawili ya mvule, miguu ya kitanda. Moja limekwisha. La pili limekerezwa hadi nusu, nusu iliyobaki ni mti mtupu.

Nifanye nini, Mjomba?

Binti wa Fundi, Langoni

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mpigie kaka yako arudishe zile 3,000. Leo. Baba yenu yu hai na akili zake anazo, na hakuna mirathi ya mtu anayekwenda msikitini kwa miguu yake. Aliyeuza si mwenye mali. Na kila siku arbuni inavyolala kwenye simu ya kaka, ndivyo yule mnunuzi anavyozidi kujiona mwenye haki. Ikiwa kaka ameshazila, zitoe wewe. Ni nusu ya kodi yako ya mwezi mmoja.

Sasa nikwambie kwa nini yule bwana hakupima mlango. Wewe umepima, ukaona haipiti, ukapata wasiwasi. Yeye hakupata wasiwasi wowote kwa sababu randa haina haja ya kupita ikiwa nzima. Mwili wa mashine hizi ni chuma cha kumimina, na chuma cha kumimina hakipindi, hupasuka kama kigae. Angekuja na vijana wawili na nyundo nzito, wakaivunja palepale karakanani, wakatoa vipande kwa magunia. Ndiyo "kuzihamisha juu yangu" hiyo. Kelele zake zingefika hadi msikitini kwa baba yako, na kuzidi.

Na hesabu yake itazame. Randa ya inchi 12 ya aina hiyo haipungui kilo 300. Ukiongeza bendisoo, mashine ya kukerezea na ule msumeno, sidhani zote pamoja zinapungua kilo 700. Gawa 18,000 kwa 700: hazifiki shilingi 26 kwa kilo. Na ndani yake mna mota nne zenye shaba nyekundu, ambayo kwenye mizani ya skrapu bei yake iko mbali sana na ya chuma. Hizo mota angezipata bure. Mtu asiyeleta mizani ameshapima kwa jicho, na jicho lake limezoea kazi hiyo kuliko lako.

Najua kwa sababu yalinipata. Nilipofunga karakana yangu hapa Malindi niliuza bendisoo yangu kwa kilo, nikijiambia ni mzigo. Baada ya majuma matatu nikaiona njia ya kwenda Watamu, imepakwa rangi ya buluu, inapasua mbao. Yule aliyeinunua aliniambia bei aliyolipa. Sikuitaja hata kwa mke wangu.

Upande wa pili, mwambie binamu wa Uingereza apunguze moto. Ni kweli Wadkin ni jina. Kampuni ilianza 1897 mjini Leicester, na mafundi wa huko bado wanazitafuta mashine zake za zamani kwa sababu ya uzito na unyofu wa meza zake. Lakini bei anayoiona kwenye simu ni ya mashine iliyoko kando ya barabara, ambapo gari hufika hadi mlangoni na kuibeba. Yako iko mjini Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hurudi nyuma. Toka hapo hadi gati, toka gati hadi Mokowe ng'ambo ya bara, toka Mokowe hadi karakana ya mtu: hiyo safari ndiyo inayokata bei, na hakuna Mwingereza atakayeilipa.

Usiumie, lakini randa hiyo kuwa imetoka Uingereza kuna faida moja. Umeme wa kule ni wa mizunguko 50 kwa sekunde kama wetu, na fezi tatu zao za volti 415 ni sawa na zetu. Kwa hiyo mota ikiwa nzima, fundi wa Malindi au Mombasa mwenye fezi tatu ataiunga na kuendelea na kazi. Asiyekuwa nazo anaweza kutumia invata ya kugeuza fezi moja kuwa tatu, ila mwulize kwanza fundi umeme anayejua, kwa maana si kila mota ya zamani inakubali kuunganishwa hivyo. Spana nazo azijue: nati za mashine hizo kwa kawaida ni za kipimo cha zamani cha Kiingereza. Spana za milimita zitazila pembe. Baba yako lazima anazo zake mahali, tena nadhani zimefungwa pamoja kwa waya. Zitafute kabla ya kitu kingine, zikauzwe pamoja na mashine.

Basi tuzichambue.

Ule msumeno wa meza wa kuchomelewa ndio wa skrapu. Nauona kama niko hapo: vyuma vya pembe, bamba juu, mota chini, na juu ya meno hakuna kifuniko. Usimuuzie kijana hata akikulilia. Toa mota, iuze peke yake, kilichobaki kiende kwa kilo. Hapo ndipo utamhitaji mtu wa skrapu, na hapo umwulize leseni. Biashara hiyo ina sheria yake tangu 2015, na mwaka 2022 ilipigwa marufuku mwezi Januari baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, ikafunguliwa Mei kwa masharti makali zaidi. Asiye na karatasi usimfungulie mlango. Akikuuliza kitambulisho usishangae. Mnunuzi wa haki hutaka kuandika amenunua kwa nani.

Randa. Chukua tochi, piga magoti, chungulia kwa ubavuni ule mti wa chuma unaoshika visu. Ukiwa wa duara, vizuri, na kwa Wadkin nategemea utaukuta wa duara. Ukiwa wa pembe nne, simama hapo hapo. Randa ya pembe nne haikati kidole, huuvuta mkono mzima, kwa sababu kati ya kisu na kisu pana pengo. Hiyo haiuzwi kwa kazi, hata mnunuzi akisema anaijua.

Kisha itazame kama ina ufa, kwa sababu mnunuzi mjanja atautazama. Sugua sehemu unayoshuku kwa waya hadi chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, acha yanywee kama nusu saa, pangusa kwa kitambaa hadi pakauke kabisa. Halafu sugua chaki nyeupe juu yake na ungoje. Pasipo na ufa chaki hubaki nyeupe. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu, na utaona mstari mwembamba wa rangi ya chai ukijichora wenyewe kwenye chaki. Ukiuona, mwambie mnunuzi kabla hajaugundua. Utapoteza kiasi fulani cha pesa na utaokoa maneno mengi.

Kutu ya mezani haitishi. Chumvi ya bahari yetu hula kila kitu, lakini kutu ya juu hutoka kwa mafuta ya taa na pamba ya chuma, kwa subira. Rangi usipake. Rangi mpya kwenye mashine kuukuu ni kama wanja kwenye jicho lililovimba. Mnunuzi atauliza unaficha nini.

Na tafadhali, mtu yeyote asije "akaijaribu" kwa kuwasha swichi. Mota iliyokaa miaka 9 kwenye unyevu wa Lamu, nyaya zake zimenyonya maji ya hewa. Ukiipa umeme ghafla inaweza kuungua mbele ya macho yako, na mashine iliyokuwa na mota nzima ikageuka mashine isiyo na mota. Fundi umeme azungushe kwanza kwa mkono asikilize beringi, aikaushe, apime kama umeme unavuja kwenda kwenye mwili wa mota, aweke grisi mpya. Hapo ndipo iwashwe. Dakika moja ya video mashine ikizunguka huongeza bei kuliko maneno yote ya binamu yako.

Bendisoo ningeiulizia kwanza Matondoni kabla ya kuvuka bahari. Waunda majahazi wa kule wanatumia shoka na tezo kwa ustadi ambao sitaki kuugusa, lakini mbao za kupinda kwa pinda hukatwa vizuri sana na bendisoo. Tatizo litakuwa umeme. Hata hivyo mashine ya zamani inayoendeshwa kwa mkanda inaweza kuvutwa na injini ya dizeli, kama ya kinu cha posho. Mpira wa magurudumu yake uangalie; kwa miaka 9 nadhani umekuwa mgumu kama gome. Hubadilishwa.

Wakikataa Matondoni, piga picha utume kwa karakana za Malindi na Mombasa zinazotengeneza samani za mahoteli. Picha ya mashine nzima, ya kibati cha jina, ya kibati cha mota panaposomeka volti, fezi na nguvu zake, na ya meza ikiwa imelazwa rula juu. Na picha ya mlango wako, na kichochoro. Usiwafiche kichochoro. Sema bei yako ni ya hapo ilipo, na kuichukua ni juu ya mnunuzi, ila kwa maandishi useme mashine haivunjwi. Chuo cha ufundi nacho kiulize, lakini vyuo hutaka kupewa, na huchelewa.

Mlango usikusumbue. Ile futi 2 na inchi 10 uliipima ikiwa na meza zake, rula ya pembeni na mikono ya kuzungushia. Hivyo vyote hufunguka. Piga picha kila hatua, nati zitie kwenye kopo na uandike zilikotoka. Kikibaki kiwiliwili kitapita, ikibidi kwa kugeuzwa ubavu. Ukuta usiguswe, ni matumbawe na chokaa, na mji huo una wenyewe wanaolinda kuta zake, tangu kabla UNESCO haijauandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Chini ya kiwiliwili wekeni boriti fupi za mkoko za kuviringishia, hamali wanne, polepole.

Gatini, chagueni siku ya maji mafu, mwezi ukiwa robo. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa kasi: mnaanza kupakia chombo kikiwa sawa na gati, kufika katikati ya kazi kimeshashuka mkono mzima na kilo 300 zinaning'inia. Maji mafu yanawapa muda. Nahodha yeyote atakwambia saa, wewe mwambie uzito tu, na usimpunguzie.

Nimeiacha mashine ya kukerezea kwa makusudi.

Umeniuliza habari za chuma, lakini barua yako ina tendegu la nusu ndani yake. Fundi haachi tendegu katikati kwa kupenda. Nadhani, na baba yako atanisahihisha, siku hiyo alishindwa kuona alama ya la kwanza ili alifuate kwenye la pili, akazima, akapandisha ngazi, na hakumwambia mtu. Tangu hapo "ziwate." Ukizitoa siku ya Ijumaa kwa siri, utakuwa umemwonyesha kwamba kila mtu alijua.

Kwa hiyo hutamwomba ruhusa ya kuuza. Utamwomba kazi. Mshike mkono mshuke karakanani pamoja, umwambie, "Baba, nataka zipate mtu wa kuzitumia, na mimi sijui aliye fundi na asiye fundi. Wewe utawahoji." Mpe simu wanunuzi wanapopiga. Atawauliza maswali ambayo mimi na wewe hatuyajui, na wengine atawafukuza, uwe na subira. Bei ataitaja yeye na pesa zitaingia mkononi mwake, si mwako wala kwa kaka. Mpe pia kitambaa na mafuta apanguse meza ya randa. Vidole vyake vitapata kutu ambayo macho yako yameiruka. Ila umeme uwe umekatwa kwenye kisanduku, na ufunguo wa kisanduku ukae kwako. Hapo sina mzaha. Mzee asiyeona na mkono wenye mazoea ya miaka hamsini, usimwache peke yake na swichi.

Mwekee muda lakini. Wewe unalipa 6,000 kila mwezi kwa chumba cha mtu, yaani 72,000 kwa mwaka, na zile 18,000 mlizotaka kugombania ni kodi ya miezi mitatu tu. Mali yenu kubwa hapo ni chumba. Mkipata mnunuzi wa kweli anayetoa bei ya wastani mwezi wa kwanza, mpeni. Msingoje wa pauni. Mkikaanga bei hadi mwaka ujao, mtakuwa mmemlipa mwenye nyumba wako thamani ya mashine zote nne.

Mashine ya kukerezea iacheni kwenye ukuta wa ndani. Ni ndefu lakini ni nyembamba. Weka ubao juu yake na shuka la kuteremka, ukatie madira yako hapo. Wateja hawatajua. Atakapokuja baba mwenyewe kusema iondoke, itaondoka.

Na kibati cha randa kisugue taratibu kwa kitambaa laini, usitumie waya. Maandishi yake yakifutika, mnunuzi wa Mombasa ataiita mashine ya kawaida.

Mjomba